Bwana wa Ijumaa Asubuhi

Poda ya bibi harusi ilianza kuyeyuka kabla wageni hawajajaa ukumbini. Kwanza ulitokea mstari mmoja mwembamba kwenye kipaji cha uso, kisha mwingine pembeni mwa pua, na mara shingo nzima ya binti wa watu ikawa inameremeta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Viyoyozi vyote vilikuwa vimekata roho. Mashangazi walijipepea kwa kadi za mwaliko, mpiga picha alikuwa ameshavua koti, na keki pale mbele ilishaanza kuinama kama mlevi anayetafuta mlango.

“Wewe uliye juu huko!” sauti ya kike ilipaa. “Unatengeneza au unatazama harusi?”

Fundi aliyekuwa juu ya ngazi alichomoa kichwa chake darini. Chini yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la zambarau lililombana kiunoni, na juu yake aproni nyeusi yenye mifuko iliyojaa brashi za kila ukubwa. Nywele alizifunga kwa kitambaa cha njano. Mkono mmoja ulishika sponji, mwingine umeshika kiuno.

“Natengeneza, dada.”

“Basi fanya haraka. Uso huu nimeujenga tangu alfajiri, na sasa unabomoka kwa sababu yako.”

“Sababu ni feni ya nje, dada, si mimi. Mimi nimeitwa kuja kuizika.”

Shangazi mmoja akaguta, “Mazishi harusini, jamani!” Lakini yule mwenye brashi aliangua kicheko kilichomfanya fundi asahau bisibisi ilikuwa mkono upi.

Upepo wa kwanza wa baridi uliposhuka, ukumbi mzima ulipiga makofi. Fundi aliteremka, uso mweusi kwa vumbi la darini, na kabla hajafungua kinywa, mwanamke yule alikuwa ameshalowesha pamba na kuanza kumfuta mashavu.

“Tulia. Huwezi kutoka mbele za watu hivi.”

“Hii nayo ni bure, au nitaletewa bili?”

“Inategemea utanipa namba yako au utanisumbua kuitafuta.”

Fundi alishtuka. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwanza yeye. Aliitaja namba, akakosea tarakimu, akaitaja tena.

Mjini walimwita Baridi, kwa kuwa alitengeneza kila kitu kilichogandisha au kupoza: friji za bucha, viyoyozi vya ofisi, majokofu ya wauza maua. Yule mwanamke, maharusi walimwita Brashi. Na kilichofuata kati ya Baridi na Brashi kilikuwa mapenzi ya simu zaidi ya macho, kwa maana wote wawili walikuwa watu wa kukimbizwa na kazi.

“Brashi wangu, kukupata wewe ni kugumu kuliko kumpata daktari bingwa.”

“Na wewe je? Jumanne nilikaa mgahawani nikanywa juisi yangu, kisha nikanywa na yako.”

“Friji ya bucha ilizima, laazizi. Ningeiacha nyama ioze?”

“Ukaniacha mimi nioze!”

“Wewe huozi. Wewe umekolezwa viungo.”

“Hebu nenda zako huko!” Brashi alikuwa akisema, na Baridi akalisikia tabasamu lake ndani ya sauti.

Walipokutana walikutana vizuri. Brashi alimmenyea machungwa na kumlisha kipande kwa kipande, akimkanya asile kama anayefukuzwa. Baridi alimsimulia wateja wake, wale wanaoweka viatu ndani ya friji na kuuliza kwa nini siagi inanuka. Walicheka mpaka mhudumu wa mgahawa akawa anacheka kwa mbali bila kujua sababu.

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi simu ya Brashi ilizimwa. Mwanamke aliyejibu simu huku akimbandika bibi harusi kope, aliyekula chakula cha mchana amesimama, Ijumaa asubuhi alipotea kama jiwe lililotupwa kisimani. Maharusi walimwomba siku hiyo, akawakatalia. Baridi alimwomba, akamkatalia pia.

“Ijumaa asubuhi nina miadi,” alimwambia siku moja wakiwa saluni kwake.

“Na nani?”

“Na Bwana.”

Baridi alikuwa ameshika chungwa. Mkono ulisimama hewani. “Bwana gani?”

“Kwani mabwana ni wangapi? Ni mmoja tu,” Brashi alisema akicheka, na mteja akaingia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mmoja tu! Sasa yeye Baridi alikuwa nani? Aliondoka pale chungwa likiwa mkononi, akalibeba njiani bila kulila. Nusu ya moyo ilimwambia mwanamke huyu ni mtu wa kanisa, na Bwana wake ni yule wa mbinguni. Nusu nyingine ikamkumbusha kwamba kiyoyozi cha ofisi ya kanisa la Brashi alikitengeneza yeye mwenyewe, siku ya Ijumaa, asubuhi, na pale hapakuwa na mtu ila mfagiaji na paka. Tena ni Bwana gani huyo anayetaka simu izimwe?

Alimuuliza tena, safari hii bila mzaha. Uso wa Brashi ulibadilika.

“Nitakuambia. Nipe muda kidogo tu.”

“Muda? Wewe na mimi, kitu gani tumekikosa kama si muda?”

“Baridi, kabla yako kuna mtu nilimwambia. Hakusubiri hata nimalize sentensi. Nakupenda, na naogopa. Basi.”

Maneno hayo hayakumtuliza hata chembe. Mwenye wivu ukimwambia “naogopa” husikia “nina hatia.” Ijumaa iliyofuata Baridi aliamka amekata shauri: atasimama kona ya saluni yake na kumfuata huko anakokwenda. Alikuwa anafunga viatu simu ilipolia. Ilikuwa hospitali. Chumba cha baridi kilikuwa kinapanda joto, kompresa inanguruma kisha inazima, aje upesi.

“Chumba cha dawa?” aliuliza.

Upande wa pili mtu alikohoa. “Hapana, fundi. Cha wale wengine.”

Baridi alikuwa hajawahi kuingia mochwari. Mhudumu aliyempokea, mwanamume mpole mwenye buti za mpira, alimwongoza kwenye ukumbi wenye vigae vya kijani, uliojaa harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Kwenye benchi la ukutani walikaa watu wa familia fulani, wameshikana mikono, hawasemi kitu. Baridi aliwapita akiwa ametazama chini.

“Mlango wa pili,” mhudumu alisema, akageuka kumjibu mtu.

Wa pili kutoka wapi? Baridi alisukuma uliokuwa karibu.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha refu la kioo cha ukungu. Katikati palikuwa na meza ya chuma, na juu ya meza amelala bibi mmoja, shuka jeupe limemfunika hadi kifuani. Mama mtu mzima aliyevaa aproni ya plastiki alikuwa akimvisha soksi taratibu, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Kichwani alisimama mwanamke mwingine, ameupa mlango mgongo, akizichana zile nywele za mvi na kuzisuka.

“Tumalize na upande huu, mama yangu,” alikuwa akimwambia marehemu. “Wajukuu wako wako nje. Hatutaki wakuone hujachana nywele.”

Sauti ile Baridi aliijua. Sauti ile ndiyo iliyomwambia asile kama anayefukuzwa. Sanduku la vifaa lilimponyoka, spana zikatapakaa sakafuni kwa kishindo, na Brashi akageuka.

“Baridi?”

Baridi alimtazama yeye, akamtazama bibi, akaitazama mikono iliyovaa glovu na kitana kilichokuwa ndani yake. Kisha akainama kuokota spana, moja moja, kama mtu aliyelipwa kuokota spana maisha yake yote, akatoka kinyumenyume.

Kompresa ilikuwa uani, nyuma ya jengo. Namna alivyoitengeneza hakukumbuka baadaye. Mikono ilijua kazi, kichwa hakikuwapo. Alipokuwa anafunga skrubu ya mwisho, kivuli kilimwangukia. Brashi alikuwa amevua aproni na glovu, mikono yake imelowa maji na inanuka sabuni.

“Huyo uliyemkuta mezani ndiye Bwana wangu wa Ijumaa,” alisema. “Ulitaka kumjua.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla yako. Yule mama uliyemwona ni muuguzi mstaafu, tunasali pamoja. Alikuja saluni siku nimezongwa na maharusi, akaniomba rangi ya mdomo. Nikamuuliza ya nani, akasema ya msichana aliyekufa kwa ugonjwa, midomo imekuwa myeusi, na mama yake anakuja kumuaga. Nikamwambia sina muda. Akaniambia hakuna aliye nao, wenzake wameukata tu kutoka kwenye siku zao kama kitambaa. Nikaona haya. Nikaja nikasema nitakaa kidogo tu. Nikamwona yule mama alipoingia akaona uso wa mwanawe. Baridi, tangu siku hiyo Ijumaa yangu ina mwenyewe.”

“Lakini… maiti, Brashi!”

“Bwana alituambia tuwavike walio uchi. Hakusema lazima wawe wanapumua.” Alijaribu kutabasamu. “Na si kwa ajili yao peke yao. Marehemu hana haja na wanja. Mwenye haja ni yule aliye kwenye benchi.”

Baridi alisikia kila neno, na hakuna lililoingia. “Mikono hiyo ndiyo iliyonilisha machungwa?”

“Naiosha.” Brashi alinyoosha mkono kumgusa shavu, na Baridi, kabla hajajua anachofanya, alirudi nyuma hatua nzima mpaka mgongo ukagonga kompresa.

Alijutia papo hapo, lakini kilichoonekana kimeonekana. Mkono wa Brashi ulibaki hewani, kisha ukashuka.

“Sawa,” alisema kwa sauti ndogo. “Naomba kitu kimoja tu. Usimwambie mtu. Kazi yangu ni maharusi. Wakijua, sina kazi.”

Baridi akaitikia kwa kichwa. Brashi akarudi ndani kumalizia nywele.

Mama yake Baridi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane aliyemlea kwa cherehani na maombi. Jioni ile mwanawe aliingia, akaketi juu ya rundo la vitambaa vya bluu, na akashindwa kunyamaza. Ahadi aliyompa Brashi haikumaliza hata siku. Alieleza kila kitu, akitegemea mama angeshika kifua na kusema, “Mwanangu, kimbia!”

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali. Cherehani ikanyamaza.

“Anawaosha?” aliuliza.

“Anawaosha, anawavisha, anawasuka nywele. Anaongea nao, Mama!”

“Na familia zinaingia, zinawakuta hivyo? Wamechanwa?”

“Ndiyo. Mama, mbona unalia?”

Mama alichukua kipande cha kitambaa cha sare akajifuta nacho. “Baba yako alianguka kutoka ghorofani walikokuwa wanajenga. Hilo unalijua.”

“Najua. Ukasema ulimkuta kama amelala.”

“Ulikuwa mtoto. Ningekwambia nini?” Alivuta pumzi. “Walifunua shuka, wakaniambia, mtambue. Saruji ilikuwa imemkaukia kwenye nyusi. Jicho moja liko wazi. Mdomo umejaa mchanga, baba wa watu, aliyekuwa hawezi kutoka nyumbani bila kupaka mafuta. Nikaomba maji tu, kikombe kimoja cha maji nimnawishe uso. Wakaniambia mama, hatuna muda, kuna wengine wanangoja. Miaka yote hii nikifumba macho nikitaka kumwona mume wangu, namwona yule. Yule mwingine, mzuri, nilimpoteza.”

Miaka yote Baridi alikuwa amembeba baba aliyelala kwa amani, na leo baba huyo alifumbua jicho moja.

“Na wewe,” mama alisema, sauti ikipanda, “umemkimbia binti anayemnawisha mtu saruji usoni?”

“Mama, mimi nilishtuka tu.”

“Kushtuka si dhambi. Ila usikae humo ukajenga na nyumba!”

Usiku huo na kesho yake Baridi alipiga simu mpaka sikio likapata moto. Brashi hakupokea. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine uliosema “Nisamehe” na mwingine uliosema “Mimi ni mjinga,” na zote zikasomwa bila jibu.

Jumatatu simu yake ililia. Alipoona jina aliruka.

“Mpenzi wangu!”

“Nilikuomba nini, Baridi?” Sauti ya Brashi ilikuwa inatetemeka. “Niambie, nilikuomba nini pale uani?”

“Usimwambie mtu.”

“Na ukamwambia nani? Maharusi watatu wamevunja miadi tangu asubuhi! Mmoja ameniuliza kama ile poda niliyompaka dada yake mwaka jana ilitoka kwa maiti. Mwingine mama yake amepiga kelele, ameniita mchawi. Kama hunitaki si ungeniacha tu? Lazima uniue?”

“Brashi, naapa, nilimwambia mama yangu tu!”

“Basi muulize mama yako,” akasema, na simu ikakatika.

Baridi alimkuta mama akikata kola, uso umejaa furaha. Hakuhitaji kumuuliza mara mbili.

“Jana kwenye kwaya ya akina mama,” alisema kwa fahari. “Niliomba nafasi ya ushuhuda. Nikawaambia kuna binti mjini hapa, mpambaji wa maharusi, anayefanya kazi ya malaika, na mimi naomba Mungu anijalie awe mkwe wangu. Nikamtaja ili wamwombee! Watu walilia, mwanangu, mpaka mwalimu wa kwaya.”

“Mama! Nusu ya wale kina mama wana mabinti wanaoolewa!”

Mkasi ulianguka mezani. Mama akashika kichwa kwa mikono yote miwili. “Yesu wangu! Nilimsifu! Mimi nilimsifu tu!”

Hakungoja zaidi. Alivuta mtandio, akavaa viatu bila kuangalia, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, akamwambia mwanawe, “Nipeleke.”

Saluni ya Brashi ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na vioo vilivyozungukwa na taa. Kwa kawaida wiki kama ile hapakuwa na pa kukanyaga. Sasa viti havikuwa na mteja hata mmoja, na Brashi amekaa kwenye kimojawapo, hana hata wanja, akikunja taulo zilizokuwa zimeshakunjwa. Alipomwona Baridi alisimama ili amfukuze. Alipomwona mama mtu mzima nyuma yake, adabu ikamzuia.

“Shikamoo, mama.”

“Usiniamkie, mwanangu. Sistahili.” Mama alimwendea moja kwa moja akaishika mikono yake, yote miwili, akaiweka mashavuni mwake mwenyewe. Brashi alibaki ametoa macho. “Ulimi uliokuchoma ni wangu, si wa huyu. Yeye kosa lake ni kunieleza. Mimi nilidhani nakuinua, kumbe nakusukuma shimoni. Nilimzika mume wangu na mchanga mdomoni kwa kukosa mtu kama wewe. Nilipokusikia, akili ilinitoka.”

Brashi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa hili. Mara wanawake wawili walikuwa wamekumbatiana katikati ya saluni, wakilia kama waliofahamiana utotoni, huku Baridi amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono.

Simu iliita mezani. Brashi alitazama jina akafunga macho. “Bibi harusi wa Jumamosi hii. Huyo ndiye wa mwisho.” Vidole vilivyolowa machozi viligusa spika.

“Dada Brashi,” sauti ya haraka ilisema, “shangazi yangu ametoka kwaya na habari. Ni kweli unapamba maiti?”

“Ni kweli.”

“Kila wiki?”

“Kila Ijumaa asubuhi.”

“Kwa brashi hizi hizi?”

“Hapana! Za kule zina mkoba wake, hazikai hata chumba kimoja na hizi. Na navaa glovu, na…”

“Basi, inatosha. Nilitaka kujua hilo tu. Mimi ni daktari wa upasuaji, dada. Kama mikono iliyogusa wafu ingekuwa na mkosi, mchumba wangu angekuwa ameshazikwa zamani. Jumamosi njoo mapema, nina kipara kidogo hapa mbele cha kufichwa. Shangazi niachie mimi.”

Simu ikakatika. Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha machozi, akarusha miguu, na hapo ndipo wote walipoviona viatu vyake.

Ukweli usemwe: wengine hawakurudi. Kuna Jumamosi ambazo Brashi alikuwa akifagia saluni iliyo safi, na siku moja alikuta mtu amemwagia majivu mlangoni. Wengine walikuja kimyakimya, wakipita mlango wa nyuma. Baridi naye alimwomba Brashi msamaha siku ile ile ya viatu, mama alipotoka kununua maji.

“Kile nilichofanya pale uani,” alisema. “Nilirudi nyuma.”

“Niliona.”

“Ningependa kuja Ijumaa.”

Brashi alimkazia macho. “Kufanya nini? Kutengeneza kompresa?”

“Kompresa nitaiangalia kila mwezi, hiyo tayari. Nasema kuja ndani. Hamhitaji mtu wa kunyanyua?”

“Wewe? Na bucha zako?”

“Bucha wataweka barafu mpaka nifike. Nimekuwa mtu wa kusema nikipata nafasi, nikipata nafasi. Krismasi naonekana kanisani, Pasaka naonekana, katikati napozea watu bia zao. Nafasi haijawahi kunijia. Nimeona nianze kuifuata.”

Brashi alimtengenezea chai.

Ijumaa Baridi alifika kabla yao wote. Muuguzi mstaafu alimkagua juu hadi chini, akampa aproni iliyomfika magotini, wakasali, kisha wakamwonyesha aliyelala mezani. Alikuwa dereva wa lori, mwanamume wa makamo mwenye ndevu za siku nyingi za hospitali. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi.

“Sisi kunyoa ndevu hatujui vizuri,” muuguzi alisema, akampa wembe. “Mungu amekuleta.”

Baridi aliugusa uso ule. Ngozi ile ilikuwa na ubaridi wa aina nyingine, si baridi anayoijua yeye. Alitazama nyusi za mtu yule, na baba yake akamjia, na saruji. Akamwaga maji ya uvuguvugu kwenye beseni.

“Samahani, kaka,” alimwambia. “Mkono wangu ni wa spana. Nitajitahidi.”

Alimnawisha kwanza. Alimnawisha kuliko ilivyohitajika. Kisha akamnyoa polepole, shavu hili, kidevu, shavu lile, na Brashi upande wa pili wa meza akamkunjia marehemu kola ya shati, machozi yakimdondokea ndani ya barakoa. Mke alipoingia alisimama kwanza mbali, amejishika tumbo kama anayesubiri kupigwa. Halafu akasogea. Akaweka kiganja kwenye lile shavu.

“Kumbe ni wewe,” alimwambia mumewe. “Niliogopa nitamkuta mwingine.” Alikaa naye. Alipokuwa akitoka, alimtazama Baridi. “Nani alimnyoa?”

“Mimi, mama.”

“Umemwachia masharubu. Ndivyo alivyopenda. Ulijuaje?”

Baridi hakujua. Alikuwa ameogopa tu kuupitisha wembe pale. Alitikisa kichwa, akaaga, akatembea wima mpaka ukumbi wa vigae vya kijani. Aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, aproni imemkusanyikia mapajani.

Brashi alimfuata akiwa ameshavua glovu na kunawa. Alichuchumaa mbele yake. Baridi akaukamata mkono wake, akaubana shavuni kwa nguvu zote, akaubusu kiganja.

“Umezimia?” Brashi aliuliza.

“Bado. Nafikiria.”

“Basi fikiria na hili. Wa kwanza alikimbia kabla sijamaliza sentensi. Wewe ulikimbia ukarudi, tena na wembe. Mimi mtu wa kungoja siwezi, muda wenyewe sina. Unanioa au hunioi?”

Baridi alitazama kulia, akatazama kushoto. Mhudumu wa buti za mpira alikuwa amesimama na ndoo, haendi mbele wala nyuma.

“Hapa? Brashi! Unanichumbia mochwari?”

“Ndipo unapopatikana leo. Kesho una friji, mimi nina bibi harusi.”

“Mimi ndiye nilipaswa kuuliza! Nilikuwa nimepanga mgahawa, nilikuwa nimepanga shati!”

“Baridi.”

“Ndiyo!” ilimtoka kwa sauti iliyogonga vigae na kurudi. “Nakuoa! Hata sasa hivi nakuoa!”

Mlango ulifunguliwa, na muuguzi mstaafu akatoa kichwa, nyusi juu, wimbo wake umekatikia katikati.

“Sasa hivi haiwezekani,” alisema. “Ndani kuna mama mwingine anawasubiri. Njooni mnyanyue.”